Hayo mawazo mnayotaka tupunguze

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu toka nikiwa binti na sijawahi kuwaandikia hata mstari, ila ile habari yenu ya wanawake wanaotafuta mtoto imenikaa kooni wiki nzima. Mmeandika kwamba tuna msongo wa mawazo, hapo sawa, alafu mwishoni mnatuambia tupunguze mawazo, tufanye mazoezi, wakati ukifika mimba itaingia. Mwandishi wenu hakuuliza hata kidogo hayo mawazo yanatoka wapi.

Julai mwaka juzi tulikuwa Tukuyu kwenye ubatizo wa mtoto wa shemeji yangu, baridi ya huko mnaijua, mtoto alikuwa analia nikampokea nikamfunika na kitenge akatulia kabisa, akalala mdomo wazi begani kwangu mpaka kitenge kikalowa mate, mara wifi akatoka jikoni mikono ina maji akamchukua, akasema mbele ya watu wote, "Lete huku, huyo hajui kushika mtoto." Hakuna aliyesema kitu. Mama mkwe akainama akaendelea kumenya ndizi. Nikaenda nyuma kwenye migomba nikalia, nikafuta macho na kitenge hichohicho chenye mate ya mtoto, alafu nikarudi kuosha masufuria maana ndo kazi ninayopewa kila shughuli, eti mimi sina wa kunililia mgongoni. Sasa hapo nipunguze mawazo gani? Na wakati huo nilishahangaika miaka sita, nimepimwa homoni, nimepigwa picha ya mirija ya uzazi nikiuma leso kwa maumivu, kila safari naenda peke yangu, mume wangu anabaki dukani anasema yeye mzima. Alipokuja kukubali, kipimo chenyewe ni kutoa mbegu kwenye kikopo tu, asubuhi moja imeisha, majibu yakaja mbegu chache mno. Asubuhi moja, mimi miaka sita! Simsemi vibaya, siku ile alilia kuliko mimi. Ila WHO, Shirika la Afya Duniani, walishatangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya sita duniani anapitia shida hii ya kukosa mtoto maishani mwake, wamesema watu, wanaume wamo, na madaktari kila siku wanasema karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto mwanaume naye anachangia sababu.

Alafu hawa wanaopita hapa Mbeya sokoni Mwanjelwa na spika wanauza dawa ya kusafisha kizazi. Nilinunua chupa 4, kila moja shilingi 20,000, nikaharisha wiki nzima. Mirija iliyoziba kwa ugonjwa wa zinaa usiotibiwa mapema haizibuliwi na mizizi, na mbegu za mume haziongezeki kwa mke kunywa dawa. Mama muuzaji akitandika parachichi zake chini anafukuzwa, hao wanaachwa wapige kelele mpaka jioni.

Mimi kilichonishika nisianguke ni dada mmoja anayeuza viazi jirani na meza yangu, yeye ana miaka tisa anatafuta. Jumamosi tukishafunga tunakaa juu ya magunia tunaongea, siku nyingine tunanyamaza tu. Haniulizi mwezi huu vipi.

Ninachoomba ni hivi. Mwanamke akienda kliniki kusema mwaka mzima umepita hajashika mimba, kadi isifunguliwe kwa jina lake peke yake, yaandikwe majina mawili, na kabla hajapelekwa kwenye picha ya mirija karatasi ya kipimo cha mume iwe imeshabandikwa humo ndani. Na benchi letu lihamishiwe upande wa maabara, tumechoka kukaa saa nne nzima tukitazamana na wajawazito. Na nyie mkiandika tena, ile picha ya mwanamke peke yake ameinamisha kichwa dirishani iacheni, wekeni ya mke na mume wamekaa wote wawili wanasubiri majibu.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya