Barua kwa Baba: Chuo cha Weimar na randa ya Mikindani

Weimar, Ujerumani

Baba yangu mpenzi, shikamoo.

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itawakuta wazima, wewe, Mama, Bibi na wadogo zangu wote. Mimi huku mzima, alhamdulillahi, nalia na baridi tu. Nimeituma kwenye simu ya Kaka ili akusomee baada ya Isha. Mwambie asome polepole, asiruke mistari kama kawaida yake.

Siku ile uliniuliza, "Hicho chuo kilianzishwa na nani, na kinafundisha kitu gani ambacho karakana yangu haikukufundisha?" Mtandao ukakata kabla sijajibu. Ila Mama alishaninong'oneza kilicho nyuma ya swali: kwamba umempiga marufuku mdogo wangu kushika randa, akae na vitabu tu, ili aje kuwa msanifu majengo na si fundi wa kuvuja jasho. Hilo nitalifikia. Kwanza chuo.

Jina lake la sasa, Bauhaus-Universität Weimar, kimelipata mwaka 1996, lakini mizizi yake inarudi hadi 1860, pale mtawala wa dola hii ndogo, Carl Alexander, alipofungua shule ya sanaa. Mwaka 1902 akaletwa Mbelgiji mmoja, Henry van de Velde, awe mshauri wa mafundi wa huku ili kazi zao zipate mvuto sokoni. Baadaye akaanzisha shule ya sanaa za ufundi, na ndiye aliyechora majengo mawili makuu tunayosomea mpaka leo. Jengo moja lilisimamishwa mwaka 1905 na 1906. Mimi mtu wa Kusini siwezi kuisikia miaka hiyo nikapita tu. Boma la Mjerumani pale Mikindani lilikuwa na miaka kumi tayari, na huku Van de Velde akipanga madirisha yake, huko kwetu vita vya Maji Maji vinawaka na vyakula vya watu vinachomwa moto. Serikali ni hiyo hiyo moja, Baba.

Jengo kuu lina ngazi ya duaradufu inayopinda mpaka juu bila nguzo ya katikati. Ungesimama chini yake ukasahau kula. Hapo chini pamesimamishwa sanamu ya Eva aliyoifanya Rodin, mchongaji wa Kifaransa, mwanamke asiye na hata kanga. Kaka, hapo usimsomee Bibi.

Vita vya 1914 vilipoanza, Van de Velde akageuka mtu wa nchi ya adui, na mwaka 1915 shule yake ya ufundi ikafungwa. Mwaka 1919, vita vimekwisha na Ujerumani iko hoi, akakabidhiwa kazi mtu aitwaye Walter Gropius. Akaiunganisha shule ya sanaa na ile ya ufundi, akaipa jina la Bauhaus. Akatoa tangazo lenye picha ya kanisa iliyochongwa na Lyonel Feininger kwenye ubao na kupigwa chapa, na ndani yake akasema wasanifu, wachongaji na wachoraji wote warudi kwenye ufundi, kwamba msanii hana tofauti ya asili na fundi.

Umesikia hiyo? Anayesema hivyo ni msanifu mwenye jina tayari, mtoto wa familia ya wasomi. Tena hakuishia kwenye maneno. Walimu hawakuitwa maprofesa, waliitwa mafundi wakuu. Mwanafunzi alianza na mafunzo ya awali ya mchoraji Johannes Itten, ya kuzijua malighafi: mbao, udongo, kioo, nyuzi. Akifaulu ndiyo anaingia karakana: useremala, ufinyanzi, chuma, ufumaji, rangi za ukutani. Anakuwa mwanagenzi kwanza, halafu anafanya mtihani wa ufundi kama kijana yeyote wa mtaani. Marcel Breuer, ambaye viti vyake vya mabomba ya chuma vimezaa vile vya ofisini unavyovidharau, alianzia kwenye karakana ya useremala ya Weimar. Alianza kwa kushika mbao, Baba.

Lakini sikufichi upande wa pili. Kila karakana ilikuwa na wakubwa wawili: msanii wa kufundisha maumbo na fundi wa kufundisha kazi yenyewe. Wasanii walikuwa akina Paul Klee na Wassily Kandinsky, watu ambao picha zao leo zinanunuliwa kwa mamilioni. Mafundi walikuwa watu wa hapa hapa, wanaojua gundi ikikauka inafanyaje. Kwenye baraza la chuo, wenye kura walikuwa wasanii. Fundi alisikilizwa tu. Yaani shule iliyotangaza kwamba fundi na msanii ni sawa ilimkalisha fundi benchi la nyuma. Na sisi wanawake? Katiba ya chuo ilisema mtu anapokewa bila kuangalia umri wala jinsia, wakafurika, muhula wa kwanza wakawa wengi kuliko wanaume. Gropius akashtuka, na wengi wao wakasukumwa kwenye ufumaji. Humo humo akatoka Gunta Stölzl, aliyekuja kuiongoza karakana hiyo kule Dessau, mji ambao shule ilihamia baadaye, na Marianne Brandt yeye akapenya kwenye chuma. Kila nikiwasha mashine ya kuranda nawakumbuka, maana wewe hukuniambia kamwe kwamba useremala si kazi ya msichana. Majirani ndio waliosema.

Na kuna jambo ambalo wenzangu hawaliamini mpaka waonyeshwe: shule hii iliyovuma dunia nzima kwa majengo haikuwa na idara ya usanifu majengo mpaka mwaka 1927, ikiwa imeshahamia Dessau, na aliyeianzisha alikuwa Hannes Meyer. Hapa Weimar, nyumba yao ya mfano ya maonyesho ya mwaka 1923, Haus am Horn, ilibuniwa na mchoraji, Georg Muche. Walianza na kiti, sufuria, taa na zulia. Nyumba ikaja mwisho.

Habari ya kufukuzwa kwao nitaikata fupi. Mwaka 1924 serikali ya mkoa ikashikwa na wasiowapenda, wakapunguziwa fedha, 1925 wakahamia Dessau. Mwaka 1932 wakafukuzwa na huko, wakajibanza Berlin, na 1933, Hitler keshaingia madarakani na polisi wamekwishapekua jengo, walimu wakaamua wenyewe kuifunga. Hapa Weimar alikuwa ameletwa mkuu mpya mwaka 1930, Paul Schultze-Naumburg, akaamuru michoro ya ukutani ya Oskar Schlemmer kwenye jengo la karakana ipakwe rangi ifutike. Kupaka rangi juu ya kazi ya mtu! Baadaye ikarudishwa.

Juu ya mlima ulio karibu na mji huu ndipo ilipokuwa kambi ya mateso ya Buchenwald. Geti lake la chuma lina maneno yanayosema kila mtu apate stahili yake, na herufi zile zilibuniwa na mfungwa, Franz Ehrlich, aliyekuwa amesoma Bauhaus. Mwenzake mwingine wa Bauhaus, Fritz Ertl, alikuwa upande wa wauaji, akichora mabanda ya kambi ya mauaji ya Auschwitz. Shule moja, Baba. Nilipolishika lile geti nilitazama kazi ya chuma kwanza kama ulivyonizoesha, halafu nikaona aibu kwamba ni kazi nzuri.

Baada ya vita, 1946, shule ikafunguliwa upya chini ya Hermann Henselmann, na kuanzia 1954 ikawa chuo cha usanifu na ujenzi cha Ujerumani ya Mashariki. Mkazo ukawa kwenye nyumba za kuunganisha vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani, haraka na kwa wingi. Ujerumani hiyo hiyo ndiyo iliyosaidia kujenga Kikwajuni na Michenzani, yale majengo marefu ya Unguja uliyoyasifia milango ukayatukana joto. Idara ya ubunifu ilirudi mwaka 1993, baada ya Ujerumani mbili kuungana.

Sasa karakana ya mbao ya leo. Ni safi kuliko jiko la Mama, vumbi lote linanyonywa na mabomba. Hakuna anayegusa mashine kabla ya kufundishwa usalama. Juzi nilipeleka kipande cha mbao nilichokiranda kwa mkono. Fundi wa karakana, mzee mmoja asiye na maneno, hakuchukua kipimo. Alipitisha ukucha wa kidole gumba ukingoni, akageuza, akapitisha tena, akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia baba yangu. Wenzangu wanaochora vizuri kunipita walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, mbao zao zimechimbika kwa kuranda dhidi ya nyuzi.

Basi hili ndilo jibu langu. Chuo kimenifundisha mambo ambayo wewe usingeweza: kukokotoa mzigo wa boriti, kuchora kwenye kompyuta, kusimama mbele ya watu na kutetea wazo. Lakini mambo ambayo Gropius aliyatafuta kwa tangazo na fedha za serikali, sisi tulikuwa nayo uani kwetu chini ya mwembe, na mtihani wake ulikuwa ni wewe kutikisa kichwa. Usimnyang'anye mdogo wangu kitu ambacho hapa wanakilipia. Asome, afaulu hesabu, aombe Chuo Kikuu Ardhi akitaka, mimi nitachangia ada. Ila Jumamosi na likizo awe karakanani, apewe patasi yake mwenyewe, na asipewe kazi ya kufagia tu. Kama unaona namkingia kifua, ni kweli, namkingia.

Na kazi yake ya kwanza naitoa mimi. Aende kwenye ule mlango wa nyumba ya Bibi, upande wa ndani, apige picha pale mwimo wa pembeni unapokutana na kizingiti cha juu, na aweke futi pembeni ili vipimo vionekane. Aipige asubuhi, jua halijawa kali. Mzee wa karakana anataka kuona mmeungaje bila msumari, na mimi nataka kuuingiza kwenye kazi yangu ya muhula huu.

Hela ya dawa za Bibi nimetuma kwa Mama, inayobaki inunue msasa, ule uliobaki dukani kwako umekwisha makali tangu nikiwa hapo. Wasalimie wa msikitini, na Mama mkubwa kule Lindi.

Ni mimi binti yako.