Chupa mbili zisilale mfuko mmoja: barua kwa binti yangu anayehamia Nakuru

Mwanangu Nafula,

Naandika usiku, mama yako amelala. Barua hii nitaikunja ndani ya leso ya mtoto ili uikute ukifungua mizigo. Ningekwambia ana kwa ana, lakini jana nilipoanza tu ulisema, "Baba, nimeshaelewa," sauti yangu ikapanda, nawe ukanyamaza. Sikutaka tuagane hivyo.

Ni lile beseni nyuma ya jikoni. Nililiona asubuhi nikienda kufungulia kuku. Ulikuwa umekwangua sabuni ya kipande, ukaiyeyusha kwa maji moto, kisha ukamimina siki, na yote ikakatika kama maziwa: madonge meupe juu, maji ya kijivu chini. Najua ulidhani umekosea kipimo. Hapana. Sabuni ni mafuta yaliyopikwa na magadi makali, na asidi ikiingia humo mafuta yanarudi kuwa mafuta. Ungepunguza siki mara kumi bado ingekatika. Siki ina kazi yake na sabuni ina yake, tumia moja, suuza, ndipo utumie nyingine.

Lakini beseni halikunitisha. Kilichonitisha ni zile chupa mbili zilizosimama kando yake, zote za soda, zote zina maji meupe, hakuna hata alama ya kalamu. Nikafungua moja, siki. Ya pili sikuhitaji kuileta puani.

Nafula, Jik na siki zisikutane. Nasema Jik kama tunavyosema sote, yaani dawa ya klorini ya kung'arisha nguo na kuua vijidudu, hata ikiwa ya kampuni nyingine. Zisikutane kwenye beseni, wala kwenye kitambaa, wala kwenye shimo la choo ulilomwagia moja jioni na nyingine asubuhi bila kupitisha maji. Jik ikiguswa na asidi inatoa gesi ya klorini. Hiyo ndiyo gesi waliyoachiliwa askari kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo haipandi darini ikatoka, inatulia chini sakafuni. Na nani anayekaa sakafuni nyumbani kwako? Mjukuu wangu ndiyo kwanza anatambaa.

Siki si peke yake. Ndimu na limau ni asidi. Dawa nyingi za kutoa ukoko chooni ni asidi, tena kali kuliko siki. Na mkojo pia, huo watu hawaufikirii. Mkojo na Jik vinatoa gesi nyingine inayochoma macho na kifua. Poti ya mtoto imwage, isuuze kwa maji mengi, ndipo utie Jik ukitaka.

Najua utasema sasa naiponda kazi yako. Siipondi. Kanisani nimemwambia kila aliyetaka kusikia kwamba binti yangu anatengeneza vitu vya kusafishia nyumba kwa mkono wake, na Mama Otieno bado anauliza ile ya vioo. Ile ni nzuri kwa kweli. Siki nusu, maji nusu, gazeti kuukuu, kioo kinabaki hakina michirizi. Hotelini tulikuwa tunapewa kopo la bei ghali na haikufika hapo. Kilichoniuma ni kwamba hukuniuliza. Miaka 22 nimesugua mabafu ya watu, nawe ukaenda kujifunza kwenye simu kwa mtu asiyejua tofauti ya saruji na kigae.

Basi ngoja nikwambie ambayo yule wa simu hakukwambia.

Siki usiitie kwenye sakafu ya saruji wala terazo. Inakula chokaa iliyomo ndani, na baada ya miezi michache pale palipokuwa panang'aa panakuwa pakavu na pana vishimo. Mwenye nyumba atakukata kwenye dipoziti. Sakafu ya namna hiyo ni maji na sabuni tu.

Bikaboneti, ile soda ya kuokea, usipikie ndani ya sufuria za alumini, zitakuwa nyeusi. Zikishakuwa nyeusi chemsha maganda ya limau na maji humo ndani kwa robo saa, rangi inarudi. Kukhu wako, bibi yako, alikuwa anasugua zake kwa majivu na mchanga wa mtoni, na unakumbuka jinsi zilivyokuwa. Yale majivu ndiyo yale yale aliyokuwa akiyachuja apate omusherekha wa kulainisha mboga. Maji hayo ya majivu hukata mafuta kwa sababu yana magadi ndani, sawa na sabuni. Kukhu hakuwa na jina la kisayansi, lakini alijua kuyaweka kwenye chungu kimoja kisichotumika kwa kitu kingine, na hakuna mtoto aliyekigusa. Nakuomba ufikirie hicho chungu.

Halafu ile ya kuchanganya siki na bikaboneti ikatoa povu, watu wanaipenda kwa sababu inafoka kama inafanya kazi. Inaposinyaa, kilichobaki ni maji yenye chumvi kidogo, siki imeuawa na bikaboneti na bikaboneti imeuawa na siki. Povu linaweza kusukuma uchafu uliolegea kwenye bomba, basi. Kwa sinki lenye mafuta sugua kwanza kwa bikaboneti iliyoloweshwa iwe kama uji mzito, suuza, siki ije mwisho. Na usizifungie pamoja ndani ya chupa yenye kifuniko. Ile hewa itapasua chupa.

Nirudi kwenye Jik, maana sijamaliza. Sikwambii uitupe. Sisi wa Kisumu tumekiona kipindupindu, na hapo siki haikusaidii, hata iwe ya asili namna gani. Siki inaondoa ukoko na harufu na madoa, haitoshi kuua vijidudu vya kuharisha. Mtu akitapika ndani ya nyumba, chukua Jik ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji baridi, mwaga, ngoja dakika kumi, kisha pangusa. Itengeneze siku ile ile, kesho yake imeshapoteza nguvu. Fungua dirisha. Nakuru ni baridi, najua mtafunga madirisha kuanzia saa kumi na mbili jioni, na hilo nalo linaniondolea usingizi. Hapa kwetu joto linatulazimisha kuacha wazi. Kule mtajifungia na chochote mlichokimwaga.

Ikitokea ukasikia harufu inayokukaba koo, usibaki kutafuta ndoo. Mchukue mtoto, toka nje, acha mlango wazi nyuma yako. Ndoo itajimaliza yenyewe.

Na ukienda hospitali, mwambie daktari ulichochanganya. Kitaje kwa jina. Usiseme vumbi.

Ile siku ya bafu sitaki kuirudia, wewe ulikuwa na miaka sita na unaikumbuka kuliko mimi. Lakini kuna kitu hukukiona kwa kuwa ulikuwa mgongoni kwa mama yako. Daktari aliniuliza mtoto amevuta nini, nami nikamwambia vumbi la saruji. Ile dawa ya choo nilikuwa nimeimimina kwenye chupa ya soda kutoka pipa la kazini, haikuwa na lebo, na wala sikuwa nimeinunua. Msimamizi angejua, tungekula nini? Hivyo ndivyo nilivyofikiri wakati ule. Daktari akakutibu vumbi. Kifua chako kimepiga filimbi miaka yote hiyo kila mvua ya Aprili ikianza, na mama yako husema ni urithi wa upande wake. Sijawahi kumkatiza. Pampu yako ya kuvuta dawa ya kifua iweke kwenye mkoba wa mkononi, usiiweke kwenye sanduku.

Kwa hiyo lebo. Kila chupa. Andika kwa kalamu ya kudumu, andika jina na tarehe, kwa Kiswahili ili hata dada wa kazi asome: SIKI. SABUNI. Jik ibaki kwenye chupa yake ya dukani na kifuniko chake, iwekwe juu mbali na nyingine zote. Chupa za soda usitumie tena kwa kazi hii. Sokoni Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili wanauza chupa za kupuliza, ningekununulia lakini basi lako ni la Jumamosi. Nakuru mjini hutazikosa.

Jambo la birika. Maji ya visima vya Nakuru mengi yana floridi nyingi, ndiyo sababu unaona meno ya kahawia kwa waliokulia huko. Siki na maji nusu kwa nusu vikichemka ndani ya birika vitatoa ule ukoko mweupe, suuza mara mbili. Lakini floridi haitoki kwa siki wala kwa kuchemsha, ukichemsha sana ndiyo inakolea. Uji wa mtoto uupike kwa maji ya mvua ukiweza. Muulize mwenye nyumba kama kuna tangi, na mfereji wa bati ufagiliwe kabla ya mvua ya kwanza. Huo wa kwetu nao unavuja, nitamwita fundi mwisho wa mwezi karo ya Wafula ikishalipwa.

Sufuria kubwa ya matanga iko kwa shangazi yako, usiitafute kwenye mizigo. Mama yako amekufungia omena kilo mbili na unga wa wimbi. Anauliza kama ufunguo wa stoo uko kwenye mkoba wako wa kahawia.

Na nimefungua mfuko wako wa buluu. Uliziweka zote mbili humo, siki na Jik, zimelazwa pamoja chini ya nguo za mtoto, kwa safari ya kupanda Kericho hadi Mau Summit. Siki nimekuachia, nimeibandika karatasi. Ile nyingine nimeitoa, iko juu ya kabati langu. Shilingi 300 za kununua mpya ziko ndani ya bahasha hii.

Ni mimi baba yako.