Mizani ikigoma, shusheni mzigo kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na makarani wa mizani wa maghala ya Moshi. Mimi ni fundi mizani, na simu ninazopigiwa msimu wa mavuno ni zilezile: "Fundi, mashine imeandika Err, njoo." Nikifika nakuta wameshaizima na kuiwasha mara tatu, maandishi yameondoka, na karani ananiambia nirudi tu, imepona.

Majuzi nilikuta ugomvi. Katika ghala moja hapa mjini, mizani ya jukwaa ya kilo 300 iligoma ikiwa na kiroba cha maharage juu yake. Karani akachomoa waya wa umeme, akachomeka tena. Kioo kikaja sifuri safi, kiroba kikiwa palepale. Kikapandishwa cha pili juu yake, kioo kikasoma kilo 52, karani akaandika 52, na vyote viwili vikaingizwa ndani. Mama mwenye mzigo hakuona kitu. Aliyeshtuka ni kijana wa mkokoteni, aliyekuwa amevibeba viroba vyote viwili, kimoja baada ya kingine, akasikia unatajwa uzito wa kimoja.

Hapo hakuna aliyeiba. Mizani za aina hii zikiwashwa hujitafutia sifuri, na kanuni za kimataifa za vipimo zinaruhusu wakati huo zifute uzito uliopo juu hadi asilimia 20 ya uwezo wake. Kwa mizani ya kilo 300 hiyo ni kilo 60. Kiroba kizima kinaingia humo na nafasi inabaki.

Na kilichoigomesha? Panya. Walikuwa wametafuna ganda la waya unaotoka kwenye lodi seli kwenda kwenye kioo. Watu wanaudharau waya ule kwa sababu ni mwembamba. Lodi seli ni chuma kinachopinda kidogo mno mzigo ukikaa juu, na kupinda huko hubadilisha umeme unaopita ndani yake. Seli ya kawaida ikilishwa volti 5, kwa mzigo kamili hurudisha milivolti 10 tu. Yaani kilo 300 zote zimebebwa na milivolti 10, na kilo moja haifiki hata sehemu ya ishirini ya milivolti. Unyevu kidogo wa masika, au jino la panya, unatosha kuivuruga hesabu hiyo.

Kwa hiyo mizani ikiandika kosa, shusheni mzigo kwanza, ndipo mtafute sababu. Chungulieni chini ya jukwaa. Mara nyingi ni punje za mahindi zimejibana humo, au jukwaa linagusa ukuta. Tazameni kitone cha pima maji kama kiko katikati. Fuateni waya kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo washeni jukwaa likiwa tupu, mweke jiwe la mizani mnalolijua uzito wake, pembe moja baada ya nyingine. Zile namba za makosa kila kiwanda kina zake, Err 4 ya huku siyo ya kule, basi ule ukurasa wa kitabu chake ubandikeni ukutani badala ya kuufungia kabatini kwa bosi.

Lakiri, ule muhuri unaofunga mizani, msiiguse. Ikikatwa kwa matengenezo, mizani hairudi kwenye biashara mpaka Wakala wa Vipimo waihakiki upya. Najua inachelewesha foleni, na mimi mwenyewe huwa natukanwa kwa hilo.

Nanyi wakulima, mizani ikizimwa mzigo ukiwa juu, ombeni ushushwe, muione sifuri jukwaa likiwa tupu. Karani akinuna, anune.

Fundi mizani,
Majengo, Moshi