Andikeni kuwa ni panya

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma huu mwaka wa kumi na tisa na sijawahi kukuandikia. Leo imenibidi, kwa sababu ya ile habari yenu iliyosema dawa ya makovu ya ini imepatikana, nayo ni manjano, kile kiungo cha jikoni, kumbe imejaribiwa kwa panya. Nimeirudia mara tatu. Neno "panya" limo mara moja tu, aya ya tisa, ukurasa wa ndani.

Mdogo wangu ana homa ya ini B. Alikuwa akimeza tenofovir, vidonge vya kuzuia virusi hivyo, kila usiku bila kukosa. Alipoisoma habari yenu aliikata kwa mkasi, akaibandika jikoni juu ya ndoo ya maji, vidonge akaviweka kando. Mkewe akawa anamkorogea unga wa manjano na pilipili manga asubuhi na jioni, mpaka kikombe kikashika rangi isiyotoka kwa sabuni wala kwa majivu. Mwezi wa tatu macho yake yakageuka njano. Mama akasema ni yale manjano anayokunywa, tusiwe na wasiwasi! Tulipomfikisha hospitali mkojo ulikuwa kama chai ya rangi. Daktari alituambia virusi vimeamka kwa sababu ameacha dawa. Kalazwa siku kumi na moja.

Mhariri, panya wa maabara huchomwa sumu, mara nyingi kaboni tetrakloridi, kwa wiki kadhaa mpaka ini lishike makovu. Ukiiacha ile sumu, ini la panya huanza kujirudi lenyewe, hata asipopewa kitu. Mtu wa huku kwetu ziwani makovu yake yametokana na miaka ya virusi, pombe au kichocho, na chanzo chake bado kimo mwilini. Kurkumini, ile kemikali ya manjano, haiingii kwa urahisi kwenye damu, ndiyo maana wauzaji huichanganya na pilipili manga. Na Italia mwaka 2019 walipata wagonjwa walioumia ini baada ya kutumia vidonge vya manjano. Hayo mbona hamkuyaandika? Sipingi utafiti wa mimea, na ninaomba uendelee. Ninachopinga ni kumpa mgonjwa matumaini ya panya.

Na kliniki nazo zina lawama. Miaka minne mdogo wangu amechukua vidonge dirishani, hakuna aliyekaa naye dakika tano kumweleza kwa nini ameze dawa ilhali haumwi popote. Angeelezwa, mkasi usingeshikwa.

Naomba hivi: habari ya dawa iliyojaribiwa kwa panya, neno "panya" liwe kwenye kichwa cha habari, kwa herufi za ukubwa uleule. Aya ya kwanza itaje ni watu wangapi wamejaribiwa. Kama hakuna, mwandike hakuna.

Mdogo wangu amerudi nyumbani na kwenye vidonge vyake. Kipande cha gazeti lenu bado kiko juu ya ndoo. Shemeji amekataa kukibandua mpaka apate sahihisho lenu la kubandika pembeni yake.

Msomaji wenu,
Mwanza