Msifute msalaba ndani ya duara la nuru

Mhariri,

Picha ya Bikira Maria Mama wa Msaada wa Daima imetundikwa katika nyumba nyingi za Wakatoliki wa Afrika Mashariki. Ni nakala ya ikoni, yaani picha takatifu ya mtindo wa Kanisa la Mashariki, iliyoko Roma, ambayo Papa Pius IX aliwakabidhi watawa wa shirika la Waredemptoristi mwaka 1866. Nakala zinazochorwa upya kwa mkono huweza kupoteza kitu kimoja kikubwa: duara la nuru linalozunguka kichwa cha Mtoto Yesu hupakwa njano tupu, sawa na la mama yake. Mtakatifu yeyote katika ikoni hupewa duara, lakini duara lenye msalaba ndani ni la Kristo peke yake. Ukiufuta, umeondoa alama inayosema huyu ni nani.

Msalaba huo huonyesha mikono mitatu tu kwa sababu wa nne umefichwa na kichwa na shingo. Ikoni nyingi za Kigiriki huweka herufi moja katika kila mkono: Ο, Ω na Ν, yaani “Aliyeko”, jina ambalo Mungu anajitaja kwa Musa katika Kutoka 3:14. Si kila ikoni inazo, ila zilipo zinakiliwe kama zilivyo. Katika ikoni za Kirusi Ν huandikwa kama H. Hilo si kosa, msilisahihishe.

Kuhusu ukubwa, mafundi wa jadi hupima kwa pua. Ncha ya bikari hukaa kwenye shina la pua, kati ya macho. Duara lenye nusu kipenyo cha urefu wa pua moja hutoa uso, la pua mbili hutoa kichwa na nywele, na la pua tatu ndilo la nuru. Anayeisogeza ncha hadi kwenye paji la uso hupata duara linalopaa kama kofia. Tena duara hilo haliinami kichwa kinapoinama, maana si kitu kilichovaliwa. Ni nuru. Wachoraji wa Italia kama Masaccio, miaka ya 1420, walilichora kama sahani inayofuata mwelekeo wa kichwa, na katika kazi zao linapendeza. Kulihamishia kwenye ikoni ni kuchanganya lugha mbili.

Mavazi nayo yanasomeka. Kwa kawaida Kristo huvaa kanzu nyekundu au zambarau ndani na joho la buluu juu. Maria huvaa buluu ndani na shela ya damu ya mzee juu. Maelezo yaliyoenea ni kwamba Kristo ni Mungu aliyevaa ubinadamu, na Maria ni binadamu aliyevikwa neema. Ule mkanda wa dhahabu begani mwa Kristo ni alama ya cheo ya Warumi wa kale, wala si mkunjo wa nguo. Shela ya Maria huwa na nyota tatu, pajini na mabegani, kwa ubikira wake kabla ya kujifungua, wakati wa kujifungua na baadaye. Mara nyingi Mtoto huifunika moja, kama katika ikoni ya Vladimir, ile mashuhuri ya Urusi. Mchoraji hakusahau, basi msiiongeze mahali pengine.

Lakini Mama wa Msaada anavaa kinyume: kanzu nyekundu, shela ya buluu yenye bitana ya kijani. Hapo fuateni ikoni yenyewe, si kanuni ya jumla.

Mwisho ni dhahabu, ambapo fedha za parokia hupotea bure. Karatasi ya dhahabu hubandikwa kabla ya rangi, kwa sababu rangi ya ikoni huchanganywa na kiini cha yai, nayo hunata na dhahabu itaganda pasipotakiwa. Rangi ya dhahabu ya kopo aghalabu ni unga wa shaba na zinki. Shaba hiyo huliwa na unyevu na chumvi ya hewa, hasa pwani, na duara hugeuka kahawia au kijani. Bajeti isipotosha, agizeni duara la udongo wa manjano. Wachoraji wa kale walilitumia, na halibadiliki rangi.

Msomaji wako,
Tanga