Wenye bunduki ndogo za marisawa wapatiwe mahali pamoja pa kujazia maganda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa watu wachache, lakini ambalo likiachwa kama lilivyo linaweza kuwadhuru wachache hao pamoja na wanaoishi nao. Ni habari ya wamiliki halali wa bunduki ndogo za marisawa, yaani zinazorusha vidonge vingi vidogo kwa mpigo mmoja, zile za namba 28 na za 410, ambao kwa sababu ya bei na uhaba wa risasi wameanza kuulizana chinichini namna ya kujaza upya maganda yaliyokwisha kupigwa. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi ya ufundi wa silaha kwa leseni, Arusha na baadaye hapa Moshi, na maswali hayo yananifuata hadi nyumbani. Jibu ninalowapa ndilo ninalotaka lisikike pia kwa wenye mamlaka: kujaza maganda kwa fedha kidogo kunawezekana na kuna nafuu ya kweli, ila kazi hiyo isifanyike stoo kwa mtu mmoja mmoja. Ifanyike mahali pamoja panapojulikana na polisi, kwa vifaa vya kuchangia.

Katika hesabu ya bunduki hizi, namba ndogo ndiyo tundu kubwa, isipokuwa 410, ambayo ni kipimo cha inchi na ndiyo ndogo kuliko namba 28. Msomaji asiye na silaha atadhani kwamba risasi ndogo ni za bei nafuu kuliko kubwa. Sivyo ilivyo. Risasi za namba 12 hutengenezwa kwa wingi mno duniani, na wingi huo ndio unaoshusha bei, ilhali za namba 28 na za 410 hutengenezwa kwa uchache, hivyo mnunuzi hulipa zaidi kwa kitu chenye malighafi pungufu. Ganda fupi la 410 hubeba marisawa ya gramu 14, la namba 28 hubeba gramu 21, na la namba 12 la kawaida hubeba kati ya gramu 28 na 32. Piga hesabu mwenyewe: kilo 10 za marisawa zinajaza maganda zaidi ya 700 ya 410, lakini maganda ya namba 12 yenye gramu 32 hayafiki hata 320. Baruti nayo hutumika pungufu, ingawa si kwa uwiano huohuo. Kwa hiyo mwenye namba 12 anayetaka kujaza maganda ili kubana matumizi nitamshauri aachane na wazo hilo anunue dukani, kwa kuwa akihesabu na muda wake ataona hakuokoa kitu. Mwenye 410 ndiye mwenye haki ya kuuliza.

Na hawa wenye 410 si matajiri wanaotafuta burudani. Wengi ninaowafahamu ni wakulima wa tambarare ya chini, kuanzia Kahe hadi Chekereni, ambao kunguru huwafukulia mbegu za mahindi na kanga huwamalizia kilichobaki. Wengine ni wazee na akina mama waliorithi bunduki hiyo na kuihifadhi kwa sababu haimpigi mtu begani. Wapo pia wanaowinda kanga na kwale kwa vibali vinavyotolewa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Wote hao wana leseni, na wote wanajua kwamba maduka yetu hayaagizi kwa wingi risasi za ukubwa wao.

Gharama ipunguzwe wapi, basi? Ipunguzwe kwanza kwenye ganda, kwa kuwa ganda la plastiki lililopigwa mara moja bado linafaa, ilimradi mdomo wake haujapasuka kwenye mikunjo na kitako cha chuma hakijalegea. Yapo pia maganda ya shaba njano yanayotoka Brazili kwa jina la Magtech, ambayo hudumu kwa kujazwa mara nyingi sana, ingawa fataki zake, yaani viwashio vidogo vya kitakoni vinavyowasha baruti, ni za bastola badala ya zile za kawaida za namba 209, na vizibo vyake, vile vinavyotenga baruti na marisawa, ni vya kadibodi na sufi. Ipunguzwe pili kwenye mashine ya kujazia, na hapa nawaonya wanaoagiza kupitia jamaa zao walioko nje: Lee Load-All, ambayo ndiyo mashine rahisi kuliko zote na inayosifiwa na kila mtu, hutengenezwa kwa namba 12, 16 na 20 tu. Haimsaidii kitu mwenye 28 wala mwenye 410. Anayehitaji ukubwa huo atafute MEC 600 Jr. kutoka Marekani, ambayo bei yake ni mzigo kwa mtu mmoja lakini si mzigo kwa kikundi, na hakuna sababu yoyote ya kila mmoja kuwa na yake ilhali ganda moja hukamilika kwa muda mfupi sana mkono ukishazoea.

Mizani ndiyo inayonipa matumaini zaidi kwa mji kama Arusha. Vitabu vya ujazaji hupima baruti kwa greni, na greni moja ni miligramu 65 hivi, kipimo ambacho mizani ya dukani na hata ile ndogo ya jikoni haiwezi kukisoma. Lakini Arusha ni mji wa tanzanaiti, na mfanyabiashara wa vito hupima kwa karati, ambayo ni miligramu 200 tu, akihitaji kuona hadi sehemu ya mia ya karati. Mizani ya namna hiyo, ikiwa inahakikiwa kwa mawe yake ya kupimia kila kabla ya kazi, inatosha kabisa kwa baruti, na mafundi wa kuitengeneza tunao hapahapa.

Mahali pasipopunguzwa hata senti moja ni kwenye baruti yenyewe. Tundu la 410 ni jembamba, milimita 10 na kidogo, na marisawa hupangana humo katika safu ndefu iliyo ngumu kusukumwa, ndiyo maana huhitaji baruti inayowaka polepole. Baruti ya namba 12 huwaka upesi; ikitiwa ndani ya 410 hupandisha shinikizo kuliko chuma kinavyoweza kuvumilia, na kwa macho zile mbili zinaweza kufanana kabisa. Mwingine husikia hayo akaamua kupunguza baruti ili awe salama, na hapo amejitengenezea hatari ya pili. Baruti ya H110, ambayo ni mojawapo ya zinazotumika sana kwenye 410, mtengenezaji wake Hodgdon anakataza kupunguza kipimo kilichoandikwa, kwa sababu ikiwa pungufu haiwaki sawasawa, kizibo hubaki katikati ya mtutu, na mpigaji asiyekagua hupiga risasi ya pili juu ya kizuizi. Mitutu iliyovimba au kupasuka kwa namna hiyo nimeletewa kazini, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha. Kwa sababu hii sitaandika kipimo chochote katika barua hii: kipimo hutegemea ganda, fataki, kizibo, baruti na uzito wa marisawa kwa pamoja, na kimoja kikibadilika hesabu yote hubadilika. Asomaye afuate kitabu cha mtengenezaji wa baruti husika, herufi kwa herufi.

Nina hofu nyingine ambayo siwezi kuinyamazia. Wapo wanaodhani baruti ya fataki za sikukuu, unga wa njiti za kiberiti, au hata baruti zinazotumika Mererani zinaweza kuziba pengo. Baruti ya mgodini imetengenezwa kupasua mwamba, nayo ikiwekwa mbele ya uso wa mtu ndani ya bomba jembamba la chuma itafanya kazi ileile. Mtu wa familia asisubiri. Akiona jambo hilo linafanyika nyumbani kwake, atoe taarifa siku hiyohiyo.

Kuhusu marisawa, yanunuliwe yakiwa tayari. Najua kwamba madini ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia, na kwamba betri chakavu za magari zimejaa kila gereji. Lakini anayevunja betri na kuyeyusha bamba zake anajaza nyumba sumu inayodumaza akili za watoto. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa walipata madhara hayo kutokana na kiwanda kilichoyeyusha betri jirani nao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hakuna akiba ya risasi inayolingana na hasara hiyo. Niongeze kwa wale wa mashamba ya mpunga kwamba marisawa ya madini hayo yakianguka majini huokotwa na bata pori na kuwaua, kwa hiyo katika majaruba yasitumike kabisa.

Kikundi kinapojaza maganda ya ukubwa tofauti katika chumba kimoja, jambo la kwanza ni kuyatenganisha. Kama nilivyosema, namba ndogo ndiyo tundu kubwa.  Ganda la namba 20 likiingizwa kwa bahati mbaya katika bunduki ya namba 12 hupita chemba, yaani pale risasi inapokaa, na kukwama ndani ya mtutu, ambapo mtu akichungulia haraka huona chemba tupu, akaweka risasi nyingine na kufyatua. Ndiyo maana maganda ya namba 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano. Siku ya kujaza ukubwa mmoja, maganda ya ukubwa mwingine yasiwemo chumbani.

Sasa nije kwa wenye mamlaka. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuacha utengenezaji wa risasi uwe jambo la kila mtu kujiamulia, na mimi sitaki uwe hivyo. Ninachoomba ni Msajili wa Silaha aweke utaratibu ulioandikwa, utakaoruhusu chumba kimoja Arusha na kimoja Moshi, chini ya msimamizi mwenye leseni ya ufundi. Baruti na fataki zikae hapo zikiwa zimetenganishwa na kufungwa kwa funguo mbili, moja ikiwa polisi. Kila risasi inayotoka iandikwe katika daftari na ihesabiwe ndani ya idadi ambayo mmiliki ameruhusiwa. Na asiwepo mtu wa kuondoka na baruti mkononi. Ili kuondoa hofu ya ujangili, ambayo kwa nchi iliyopoteza tembo wengi kiasi hiki ni hofu halali, pajazwe marisawa madogo ya ndege tu. Shirika la Mzinga la Morogoro, ambalo tayari linatengeneza risasi, lingeweza kuwa muuzaji pekee wa fataki na baruti kwa vyumba hivyo, nasi tusingehitaji kuagiza chochote kwa njia za panya.

Wenye maganda wayasafishe na kuyahifadhi, wasiyajaze kabla ya kibali. Makamanda wa Polisi wa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro wakilikubali wazo hili hata kwa majaribio, niko tayari kufundisha kundi la kwanza bila malipo, na vitabu vyangu vya vipimo nitavikabidhi kwa chumba kitakachotangulia kufunguliwa.

Fundi wa silaha mstaafu,
Moshi