Tupunguze picha kabla ya kuzituma, lakini za asili tuziache zilivyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wengi wetu hulifanya kila siku bila kulifikiria, nalo ni kutuma picha mtandaoni ikiwa na ukubwa uleule iliotoka nao kwenye kamera.

Picha ya megapikseli 12, kiwango cha kawaida kwa simu nyingi, huwa na pikseli (nukta ndogo zinazoiunda picha) 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo, jumla milioni 12, na faili lake hufikia megabaiti kadhaa. Skrini ya kompyuta yenye pikseli 1,920 kwa 1,080 huonyesha nukta zipatazo milioni 2 tu, kwa hiyo anayeitazama picha hiyo nzima haoni hata robo ya alichopakua, ilhali data iliyotumika ni yake yeye, si ya aliyemtumia. Kwa maoni yangu, hilo ni suala la adabu kuliko la ufundi.

Hesabu yake haina ugumu, ila huwapotosha wengi. Ukishusha upana kutoka pikseli 4,000 hadi 2,000, kimo nacho hushuka hadi 1,500, na zinabaki nukta milioni 3, yaani robo ya zile za mwanzo wala si nusu. Kwa picha ya kutazamwa tu, pikseli 1,600 kwa 1,200 zinatosha kabisa, mradi uwiano wa upana na kimo usiguswe, maana ukiguswa nyuso za watu huvutika kama mpira.

Kinachonisikitisha zaidi ni kuchanganya kupunguza pikseli na kubana faili. Mfumo wa kuhifadhi picha uitwao JPEG, ambao kanuni zake zilipitishwa mwaka 1992, huigawa picha katika vigae vya pikseli 8 kwa 8, kisha hutupa taarifa ambazo jicho halizikosi kwa urahisi. Mtu anayeacha pikseli zote 4,000 na kukaza ubanaji hadi faili liwe dogo, huishia na picha ambayo vigae hivyo vinaonekana waziwazi, hasa angani na kwenye mashavu. Ni afadhali kupunguza pikseli kwanza, ndipo picha ihifadhiwe kwa ubora wa 80 hivi katika kipimo cha 100 ambacho programu nyingi hukitumia. (Picha ya skrini yenye maandishi ni habari nyingine; hiyo hubaki safi zaidi katika PNG, mfumo mwingine usiotupa taarifa.) Wapo pia wanaosisitiza kwamba picha ya mtandaoni lazima iwekwe nukta 72 kwa inchi, lakini kubadilisha namba hiyo peke yake hakuongezi wala hakupunguzi pikseli hata moja.

Kosa langu mimi lilikuwa kubwa kuliko hayo. Nilipunguza picha za harusi ya binti yangu hadi pikseli 800 kwa upana, nikazihifadhi kwa majina yaleyale, na za asili zikafutika papo hapo. Tulipotaka kuzichapisha ili tuzitundike ukutani, tuligundua kwamba kwa nukta 300 kwa inchi upana wake haufiki hata inchi 3. Kuzikuza hakukusaidia, kwa sababu programu hukisia tu nukta za kujazia nafasi. Haiwezi kurudisha ukope uliokwisha kutupwa. Tangu hapo sigusi picha kabla ya kutengeneza nakala yake.

Kwa kuwa magazeti nayo hupokea picha za wasomaji, ningeomba muwe mnataja ukubwa mnaouhitaji, wa kuchapwa na wa mtandaoni kila mmoja peke yake. Picha ya kuchapwa kwa upana wa inchi 6 kwa nukta 300 huhitaji pikseli 1,800, na msomaji asiyeambiwa hivyo atawaletea ama mzigo wa megabaiti au kijipicha cha pikseli 400 kilichokwisha kupita katika simu za watu kumi.

Wako,
Msomaji wa kila siku